Neno Baya la Nchi ya Ukaribu

Sogeeni, na mwenye kikombe cha chai akitue chini kabisa, maana kuna mahali mtacheka na mimi sitaki kumwagiwa. Hii si hadithi ya kale. Ni ya kiangazi kilichopita, na aliyeiona yu hai, anaitwa Mgeni binti Vuai, karani mstaafu wa masjala, mama wa miaka sitini kasoro mmoja, hodari wa kupanga mafaili na mvivu wa kupika. Jina la Mgeni alipewa na shangazi yake, kwa kuwa alizaliwa siku nyumba imejaa watu wa harusi na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria jina jingine. Lishikeni jina hilo, maana lilimtia matatani.

Alivyofika Ukaribu msiniulize. Alifika. Mwenyewe anasema "nilipita tu nikajikuta huko," nami sikumsumbua zaidi. Lililomshangaza ni milango. Katika nchi ya Ukaribu mlango hauna kitasa wala komeo, na ufunguo hawaujui hata kwa sura. Mlango una masikio. Mtu akibisha hodi nje na sauti yoyote ndani ikajibu karibu, mlango hufunguka wenyewe, taratibu, kwa heshima zote. Na wenye nyumba wakitoka je? Juu ya kila mlango wameweka kasuku aliyefundishwa neno moja tu. Ukisema hodi, kasuku anakujibu "Karibu!" na wewe huyo ndani.

Sheria zao kubwa ni tatu. Ya kwanza, kila hodi ijibiwe karibu. Ya pili, ni marufuku kumwuliza mtu "Nani?" Msidhani natia chumvi, jamani. Neno hilo kule ni tusi la nguoni. Ukimwuliza mtu ni nani, wanasema, umeshamwambia humwamini, na kumwambia mtu humwamini ni kumvua nguo mbele za watu. Anayelitamka husimamishwa barabarani na kuoshwa kinywa kwa sabuni ya mche, mapovu matatu, mtaa mzima ukitazama. Na ya tatu, mkutano wowote, hata wa watu wanne wanaotaka kuzibua mtaro, hauanzi bila mgeni rasmi.

Sasa mwoneni afisa wa mpakani. Anatamani kujua huyu mama ni mtu wa wapi na amefuata nini, lakini kuuliza hawezi. Akatabasamu, akakohoa, akasifu hali ya hewa, huku macho yanachungulia begi la Mgeni. Na begini, kwa kalamu nene, Mgeni alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa, kama afanyavyo kila mtu aliyewahi kupotelewa na begi: MGENI.

"Lo! Mheshimiwa!" Afisa akaruka kwenye kiti. "Wanakungoja tangu saa moja!"

Kweli kulikuwa na watu wanangoja. Katika uwanja wa shule moja mjini, wasichana ishirini na wawili walikuwa wamesimama juani wakimsubiri mgeni rasmi wa kufungua kambi yao ya likizo, naye aliyealikwa hakutokea. Mgeni akafikishwa pale, akatiwa mkasi mkononi, akaonyeshwa utepe.

"Jamani, mimi siye," akasema. "Mgeni ni jina langu tu."

"Tunajua, Mheshimiwa," akajibiwa kwa unyenyekevu. "Wakubwa wa kweli hawapendi makuu."

Wakapiga makofi. Akakata utepe. Alijiambia atawaeleza baada ya chakula, lakini baada ya chakula ilikuwa vigumu zaidi, maana walimchinjia kuku. Nani kati yenu angesema, huku mkono una mchuzi? Nyamazeni basi.

Mwenye kambi alikuwa Mwalimu Ghanima, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini iliyokuwa ikisikika mpaka nyuma ya darasa. Jina alilokuwa ameliombea kibali ni Kambi ya Mabinti ya Ulinzi wa Milango. Wizara ya Mapokezi ilikataa neno "ulinzi" kwa kuwa linaashiria kuna jambo la kulindwa, ikaidhinisha Kambi ya Mabinti ya Kuboresha Ukarimu. Mwalimu Ghanima akatundika bango lenye jina hilo, akafunga dirisha, akaanza kufundisha ulinzi wa milango.

Mgeni, kama mgeni rasmi, alikuwa na kiti chake mbele, chenye kitambaa, na hakuna aliyemruhusu kukaa kwingine. Basi akaona kila kitu. Aliona wasichana wa miaka kumi na mitatu hadi kumi na saba wakifunga macho kusikiliza hodi na kutambua ni ya mtu mwenye haraka au mwenye shaka. "Anayekuharakisha," Mwalimu Ghanima alikuwa akisema, "anataka ufungue kabla hujafikiri. Akisema leo leo, sasa hivi, la sivyo utapata madhara, hapo ndipo ukae chini unywe maji." Neno baya lenyewe hawakulitamka. Waliliita "lile la herufi nne." Na walifundishwa kwamba swali zuri kuliko yote ni lile ambalo jibu lake mwizi hana pa kulipata, hata akizunguka mji mzima.

"Kwetu pia tuna milango ya namna hiyo," Mgeni akajikuta anasema siku ya pili. "Ya kioo, mingine midogo tunaishika mkononi, mingine iko mezani ofisini. Neno la kuifungulia tunaliita nywila."

Macho yote yakamgeukia. "Na yako ilikuwa neno gani, Bibi Mgeni?" akauliza msichana mmoja mwembamba aliyekuwa akitafuna ukosi wa sare yake.

"Moja mbili tatu nne," akasema Mgeni. "Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi nisiisahau, nikaibandika mezani."

Yule msichana alicheka mpaka akateleza kwenye benchi. "Bibi! Hiyo hata kasuku angeipata!" Darasa zima likaangua kicheko, na Mgeni naye akacheka, ingawa alikuwa anakumbuka asubuhi aliyofungua mashine ya ofisi akakuta mafaili ya miaka sita hayapo. Alikuwa amelia chooni siku ile. Hilo hakuwaambia.

Msichana mwenyewe aliitwa Mashavu, miaka kumi na mitano, na mashavu hana hata la kukopa. Alikuwa akilelewa na bibi yake mzaa mama, Bi Mize, fundi wa nguo. Mgeni alipoambiwa achague nyumba ya kulala, nchi yote ikiwa wazi kwake, aliomba yenye kivuli iliyo karibu na shule, nayo ilikuwa ya Bi Mize. Kwa hiyo yaliyokuwa kati ya bibi na mjukuu aliyajua kutoka chumba cha pili.

Miezi mitatu nyuma mtu alibisha hodi kwa Bi Mize. Hodi nzuri, tamu, ya mtu aliyelelewa. Akaingia, akasema ametoka Wizara ya Mapokezi, kwamba mlango wa Bi Mize una hitilafu na leo leo utakwama, bibi atafia ndani, hebu atoke nje upesi utengenezwe. Bi Mize akatoka, akasimama juani na mkeka wake. Mtu yule na wenzake wawili wakamaliza kazi, wakatoka na cherehani, ile aliyoletewa na marehemu mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa, na kasha la vitambaa vya wateja. Bi Mize aliwapa maji ya kunywa. Aliwashikilia pazia wapite.

"Lakini alibisha hodi vizuri," ndivyo alivyokuwa akisema kila akisimulia.

Tangu siku hiyo alishona kwa mkono, sindano karibu na pua kwa kuwa macho yamechoka, na Mashavu alikuwa hawezi kumtazama bila kukasirika.

"Bibi, ungemwuliza tu! Neno moja!"

"Neno gani? Lile?" Bi Mize akaweka chini kitambaa. "Ulipokuwa na miaka sita ukalisema mbele ya jirani, nilikuosha kinywa kwa mkono wangu huu, na mimi ndiye niliyelia usiku kucha, si wewe. Leo nilitamke mimi? Uzee huu?"

"Basi nikufundishe swali jingine. Swali ambalo mwizi—"

"Mimi siulizi watu maswali mlangoni, Mashavu. Akija aliyechoka je? Akija mwenye msiba? Kwanza nimpe mtihani?"

Mashavu akatoka nje akiburuza miguu, na Bi Mize akamgeukia Mgeni na uso uliojaa aibu. "Msamehe, Mheshimiwa. Mtoto ana uchungu. Cherehani ile ndiyo iliyomlipia madaftari." Moyoni Mgeni aliona wote wawili wana haki, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Siku ya sita ilikuwa ya zoezi la mji. Mwalimu Ghanima alikuwa na barua ya Wizara inayowaruhusu mabinti kubisha hodi kwenye "milango yote ya umma, kwa ajili ya kujifunza ukarimu." Aliwapanga mstari, akawaambia: "Msiguse kitu, msichukue kitu. Ukikuta pa wazi, mwambie mwenyewe kwanza, si jirani yake. Na uandike jina lako." Wakatawanyika na madaftari.

Mashavu akafika Masjala Kuu. Humo zimo karatasi za nchi nzima: ni nani mtoto wa nani, nani aliugua nini, nani aligombana na ndugu yake na wakapatanishwa kwa masharti yapi. Wafanyakazi wote walikuwa wamekwenda kunywa chai, wote kabisa, maana kule si adabu mmoja kubaki wenzake wakienda.

"Hodi," akasema Mashavu.

"Karibu!" akajibu kasuku.

Mlango ukafunguka. Akasimama katikati ya makabati, mikono nyuma. Akaliona kabati la mtaa wao, na ndani yake, alijua, limo faili la mama yake aliyemwacha akiwa mchanga. Hakuligusa. Mgeni alimwuliza baadaye kama alitamani, akasema alitamani mpaka meno yakamuuma. Akachana karatasi daftarini, akaandika: *Hodi. Nimeingia na hakuna aliyejua. Kesho anaweza kuingia mwingine asiye mimi. Tafadhali mfundisheni kasuku wenu. Mimi Mashavu, mjukuu wa Bi Mize fundi nguo, niko kambini.* Akaiweka mezani kwa mkuu wa masjala, akaibana kwa bilauri isipeperuke, akatoka.

Kesho yake walinzi wanne wa Wizara walikuja kambini. Wakabisha hodi. Na hapa tena ndipo pa kutua kikombe, kwa sababu mabinti walikuwa wamekaa siku tano wakimfundisha kasuku wa shule kwa siri na karanga.

"Nani?" akasema kasuku.

Mlinzi wa mbele alirudi nyuma akamkanyaga wa pili. Wakatazamana. Wakabisha tena, kwa sauti ndogo.

"Nani mwenzangu?" akasema kasuku, maana alikuwa mwanafunzi mzuri.

Ilibidi Mwalimu Ghanima mwenyewe aseme karibu ndipo wakaingia, wakamchukua Mashavu kama mshitakiwa na kasuku kama kielelezo. Mashavu hakulia. Alimtazama Mgeni tu, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayedhani anaweza kufanya kitu.

Kesi ilisikilizwa siku ya tisa, saa sita za mchana, kwenye Baraza la Mapokezi. Mashavu alishitakiwa kwa kuitia tundu Masjala Kuu; barua ya Wizara, walisema, iliruhusu kubisha hodi, si kuingia. Adhabu iliyoombwa ilikuwa Kunyimwa Karibu. Mwenye kupewa adhabu hiyo hafungwi wala hapigwi. Anaachwa mtaani atembee, abishe hodi anapotaka, na hakuna mwenye ruhusa ya kumjibu karibu. Atakayemjibu, naye ananyimwa. Kwa kuwa milango yao haijui neno jingine, mtu huyo hulala nje mpaka muda wake uishe, au yeye aishe.

Waziri wa Mapokezi, Mheshimiwa Shaali, alikuwa mtu mpole mwenye kunukia vizuri, asiyewahi kumpandishia mtu sauti. Alisimama, akasema itifaki imezingatiwa, akaanza.

"Masjala Kuu ina miaka arobaini, na kwa miaka arobaini haikuwa na tundu. Binti huyu amekuja Jumanne, na Jumanne tundu likaonekana. Waheshimiwa, mimi si mtaalamu, lakini naona tarehe."

Wajumbe wakatikisa vichwa. Mkuu wa masjala akaitwa, akaapa kwamba tangu aanze kazi hajapokea taarifa ya mwizi hata mmoja. Ni kweli. Fomu ya taarifa ya wizi inadai jina la mwizi, na jina huwezi kulipata bila kumwuliza. Mjumbe mmoja akapendekeza pabandikwe tangazo la kuwaomba wezi wasiingie saa za chai. Mwingine akasema tangazo litawaudhi wasio wezi. Wakabishana hapo karibu saa nzima, kuhusu rangi ya tangazo, mpaka mzee mmoja akauliza kwa jazba, "Lakini kabla ya barua ya binti huyu, nani alikuwa anajua?" na ukumbi mzima ukashika midomo. Yule mzee akaomba radhi. Katibu akaandika "mtu yupi."

"Una la kusema, binti?" akauliza Waziri.

Mashavu alisimama. Ukosi wake ulikuwa umelowa mate. "Niliacha jina langu, Mheshimiwa. Mwizi gani anaacha jina?"

"Ndiyo maana tumeweza kukupata wewe," akasema Waziri, kwa huruma kabisa.

Hapo Mgeni akainuka kwenye kiti cha mgeni rasmi. Alijua vizuri kwamba mwongo wa siku tisa akijitaja barazani huenda akaondoka na adhabu ileile, na yeye hana hata pa kulala nje panapomjua.

"Waheshimiwa, mimi si mgeni rasmi. Mgeni ni jina nililopewa na shangazi yangu. Aliyealikwa hakuja, sijui yuko wapi. Nimekata utepe wenu, nimekula kuku zenu tisa, na Mheshimiwa Waziri, siku ya nne ulinishika mkono ukaniingiza Masjala Kuu mwenyewe, ukanifungulia makabati nione yalivyopangwa. Hukujua mimi ni mtu gani. Mpaka dakika hii hujui. Ningekuwa mtu mbaya je?"

Kasuku akajikuna ndani ya kizimba chake.

Kisha mjumbe mmoja akasimama, machozi yanamlenga. "Waheshimiwa, mmeona unyenyekevu? Mgeni rasmi anajishusha mpaka anajikana ili kumwokoa mtoto!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mgeni akapiga kelele, "Nasema kweli!" wakazidi kupiga makofi. Alikaa chini na kutaka kulia kwa hasira.

Waziri Shaali peke yake hakupiga makofi. Alikuwa ameelewa, na rangi ilikuwa imemtoka. Akamsogelea Mgeni, akasema polepole asisikike na wengine. "Mama yangu hakuwahi kumwacha mtu mlangoni. Alikufa watu mia wamejaa nyumbani kwake, na nusu yao hatukuwajua. Tukianza kuuliza, mama, tutakuwa watu gani?"

"Watu walewale," akasema Mgeni. "Mtakuwa mnajua tu mliyemkaribisha."

Alifikiri sana, yule mtu. Mgeni mpaka leo anamtetea, anasema alikuwa karibu kabisa kubadilika. Lakini jalada lilikuwa mezani, wajumbe wana njaa, na suala la mgeni rasmi likaahirishwa kwa kuwa kulichunguza kungehitaji kumwuliza yeye ni nani. La Mashavu halikuahirishwa. Miaka saba.

Jua lilikuwa bado kali walipotoka. Mashavu akashika njia ya kwao. Nyuma yake wenzake ishirini na mmoja, kisha Mwalimu Ghanima na Mgeni, kisha karani wa Baraza na daftari lake, wa kuandika yeyote atakayejibu. Tarumbeta ilikuwa imetangulia kutangaza hukumu. Mtaani kasuku wote walikuwa wamefunikwa vitambaa. Mashavu alibisha hodi kwa jirani, mama aliyemnyonyesha alipokuwa mchanga, akasikia mtu ndani akilia, lakini jibu halikuja. Akapita nyumba ya pili. Ya tatu hakubisha.

Akafika mlangoni kwa bibi yake, akasimama.

"Hodi."

Hakuna kitu. Mgeni alimjua Bi Mize kwa siku tisa tu, lakini zilimtosha kujua kwamba mwanamke yule hajawahi kuvunja sheria hata ya kufagia uwanja. Akaona aibu kutazama, akatazama chini.

"Hodi, bibi," akasema Mashavu, na safari hii sauti ikakatika. "Ni mimi. Naomba hata uniambie tu kama upo."

Ndani kiti kikasogea. Miguu ikaburuzika mpaka karibu na mlango, ikasimama. Wote walisikia pumzi za Bi Mize. Karani akafungua kalamu.

"Na..." ikasema sauti ya ndani. Ikanyamaza. Ikaanza tena, kama mtu anayeweka mguu kwenye maji asiyoyajua. "Nani?"

Kalamu ya karani ilianguka. Wasichana walishikana mikono.

"Mimi, bibi. Mashavu."

"Mashavu wako wengi." Sauti ilikuwa inatetemeka lakini haikusimama. "Sindano yangu ya cherehani, ile iliyopotea mwaka wa mvua kubwa, iko wapi?"

Mashavu alifunika uso kwa mikono miwili. Miaka minane alikuwa ameapa hajui. "Iko chini ya mkomamanga, bibi. Niliivunja nikaifukia. Nilisema kuku kaimeza. Nisamehe."

"Nilikuona," akasema Bi Mize. "Nilikuwa dirishani. Ndiye huyu, ndiye mwenyewe."

Karani alikuwa anapekua hukumu kwa vidole vinavyoteleza. Imekataza karibu. Karibu haikutamkwa. Na mlango, kwa kuwa haujui neno jingine, ulikuwa umekaa palepale. Ndipo wakasikia kitu ambacho Ukaribu haijawahi kukisikia, bega la mtu likisukuma mlango kutoka ndani. Mara moja. Mara ya pili. Mashavu akaingiza vidole kwenye ufa akavuta, wenzake wakamrukia kumsaidia, Mwalimu Ghanima akavuta, na Mgeni binti Vuai, ambaye hainui hata ndoo ya maji nyumbani kwake, akavuta mpaka kiatu kikamtoka. Bawaba zikalia, mlango ukaachia.

Bi Mize alitoka mwenyewe, kilemba kimemkaa upande, jasho linamtiririka. Mkono mmoja ulimshika Mashavu shingoni na kumvutia kifuani. Mkono wa pili ulikuwa umeshika mche mzima wa sabuni, mpya. Akamnyooshea karani.

"Nimelisema, na majirani wamesikia. Mapovu matatu, siyo? Kinywa hiki hapa, baba, osha," akasema. "Ila mtoto aingie kwanza."

Karani aliipokea sabuni, akaitazama, asijue aishike vipi. Ng'ambo ya barabara, yule mama jirani aliyekuwa akilia alikuwa amefungua dirisha, na nyuma yake madirisha mengine yalikuwa yanafunguka, na watu wamesimama humo, wanamtazama bibi kizee akisubiri kuoshwa.

Mgeni alikaa siku moja zaidi. Anasema kesho yake asubuhi alitaka kufua kanga zake kabla ya safari, akaenda duka la pembeni mwa shule kununua kipande cha sabuni. Muuzaji alimwonyesha rafu tupu. Akaenda la pili, nalo vilevile. La tatu, muuzaji alikuwa mwanamke, akainama juu ya meza, akatazama kulia na kushoto, akamnong'oneza kwamba mtaa mzima umekuja tangu alfajiri, na mche wake mmoja aliobaki nao hauuzi.